Valvu Mpya Peke Yake Haitoshi

Kabla ya simu za mkononi, redio ya upepo ndiyo iliyounganisha misheni na hospitali za mbali kwenye njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Mitambo ya redio ya ridhaa ya miaka ya 1970, kama Kenwood TS-520, bado inafaa kazi hiyo. Kinachochoka mapema ni jozi ya valvu za mwisho, S2001A, ndugu wa 6146. Na zikibadilishwa, huja kauli zinazoiua redio nzima.

"Namba ni ileile, chomeka tu." Hapana. Ndani ya kila valvu, kati ya plati na gridi ya kwanza, kuna kapasitansi isiyofika hata robo ya pikofaradi. Kwenye 3.5 MHz haina madhara makubwa. Kwenye 28 MHz mawimbi hupita hapo kwa urahisi mara nane zaidi, yakarudi kwenye ingizo, na valvu ikaanza kuvuma yenyewe. Mtengenezaji aliweka kapasita ndogo ya kurekebishwa, inayorudisha mawimbi ya kinyume ili yafutane. Kapasita hiyo ilipimwa kwa valvu ulizozing'oa. Za kiwanda kingine, hata kwa namba moja, hazilingani nazo kikamilifu.

"Ukishaseti bayasi umemaliza." Bayasi hupanga mkondo wa mapumziko, miliampia 60 kwa TS-520. Mrudisho wa mawimbi haiugusi. Seti bayasi kwanza, kisha sawazisha kapasita ile.

"Inatoa wati 100, basi iko sawa." Hii ndiyo hatari kuliko zote, kwa kuwa mita inamridhisha fundi. Ingia 28 MHz, zungusha kitufe cha plati: mkondo wa plati unaposhuka chini kabisa, hapohapo nguvu inapaswa kuwa juu kabisa. Nukta hizo mbili zikiachana, valvu inaelekea kuvuma, plati zitakuwa nyekundu, na mawimbi yasiyotakiwa yatawasumbua wengine.

Dawa si ngumu. Unganisha mzigo bandia badala ya antena, tuni kama kawaida, zima swichi ya SG (gridi ya skrini) iliyo nyuma, tia mawimbi, pima yanayovuja kwenye pato, na uzungushe kapasita mpaka yapungue kabisa. Tumia bisibisi isiyo ya chuma: plati zina volti kama 800, na kapasita za ugavi wa umeme hubaki na chaji hata plagi ikichomolewa.

"Mimi naongea na Kigoma kwa 7 MHz tu, ya 28 ya nini?" Ni kweli hatari hupungua huko chini, lakini haiishi. Tunapima 28 MHz kwa sababu kosa huonekana wazi zaidi hapo, na marekebisho yaliyofaa pale hufaa pia bendi za chini.

"Nitabakiza za zamani kama akiba." Bakiza. Siku utakapozirudisha, sawazisha tena.