"Safi Asilimia 100"? Acheni Kutuuzia Hewa!

Nimekuwa kimya kwa sababu ya kazi. Leo siandiki kuhusu programu. Nimekasirika, na kisa ni kijibomba kinachotosha kiganjani.

Jirani yangu ni fundi wa kutoa kutu kwenye vyuma kwa kurusha mchanga kwa upepo wa kompresa. Aliuziwa nozeli ya boroni kabaidi kwa bei kali, akaambiwa ni "safi asilimia 100, haina kiongezi". Haikumaliza kazi moja, ikapasuka. Muuzaji akamjibu kwamba ameitumia vibaya.

Tulichukua kipande, tukakipaka nta maji yasiingie vitunduni, tukakipima. Gramu 2.1 kwa kila sentimita ya ujazo. Boroni kabaidi iliyoshikamana kabisa ni 2.52. Yaani karibu asilimia 17 ya huo "usafi" ilikuwa hewa!

Tatizo liko hivi. Kauri hii huyeyuka karibu nyuzi 2,450, kwa hiyo haimiminwi kama chuma. Unga wake hushindiliwa, kisha huchomwa mpaka chembe zishikane. Lakini atomi zake zimekumbatiana kwa nguvu mno, hazihami kirahisi hata kwenye nyuzi 2,200. Tena kila chembe ina utando wa oksidi ya boroni. Moto ukipanda, utando huo huwa mvuke unaobeba mali ya chembe ndogo kuipeleka kwa kubwa. Chembe zinanenepa bila kusogeleana, na matundu yanabaki palepale.

Dawa imejulikana tangu miaka ya 1970: kaboni kidogo, mara nyingi kutoka kwa gundi ya fenoli. Kaboni hula ile oksidi, ikatoka kama gesi ya kaboni monoksidi, na chembe zikagusana uso kwa uso. Huo mnauita uchafu?

Najua mtaniambia: mbona wapo wanaoichoma ikiwa safi huku wakiikandamiza tanuruni, na inashikamana? Kweli. Lakini njia hiyo ni ghali na inafaa maumbo mepesi tu. Aliyeuza nozeli ile hakuitumia, namba 2.1 inamuumbua.

Na nyinyi wa "ongeza tu", msicheke. Alumina husaidia uchomaji kwa moto mdogo, lakini ikizidi, chembe hunenepa na ugumu hushuka. Oksidi ya titani hugeuka titani diboridi, ambayo huzuia nyufa zisikimbie, ila ni nzito kuliko boroni kabaidi. Kwa hiyo hata uzito peke yake unaweza kukudanganya usipojua kilichotiwa. Kauri hii hii hutengenezewa sahani za fulana za kuzuia risasi. Hapo uongo hauli pesa tu.

Sisi waandishi wa programu huorodhesha maktaba tulizotegemea, wala hatuoni aibu. Muuza kauri naye aandike mambo matatu: kiongezi gani na kiasi gani, uzito kwa ujazo, na ugumu uliopimwa. Asiyeweza kuandika hayo, rudisheni mali yake.

Jirani yangu bado anadai pesa zake. Nyinyi mnasemaje?