Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa



Msimu wa mavuno unapofika, barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Iringa hugeuka kuwa mto wa chakula. Malori hupita yakiwa yamesheheni viazi mviringo vya Uporoto, mchele wa Mbarali, ndizi za Rungwe, mahindi na maharage ya Mufindi, yakielekea Dar es Salaam na kwingineko. Kwa miaka mingi tumejivunia kuitwa ghala la taifa, na fahari hiyo ni halali, maana imelipiwa kwa jasho.

Juma hili nawaomba tuache kulitazama ghala, tuwatazame watoto wanaocheza kando yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka mitano, 30 wamedumaa. Katika mkoa wa Iringa walikuwa karibu 57, idadi kubwa kuliko mkoa mwingine wowote. Njombe, pacha wake wa zamani, ulifuata kwa 50. Mbeya nako, katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016, zaidi ya theluthi moja ya watoto walikuwa wamedumaa.

Wapo wanaojifariji wakisema, “Sisi ni wafupi kwa asili.” Faraja hiyo haina msingi. Vipimo vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 vilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Wote, walipotunzwa na kulishwa vema, walikua karibu sawa katika miaka yao ya mwanzo. Tena urefu si jambo kuu. Mtoto aliyekosa lishe tangu tumboni hadi miaka miwili hudumaa pia akili na nguvu ya kupambana na maradhi, na kwa sehemu kubwa hasara hiyo hairudi.

Basi kwa nini adumae mtoto aliyezaliwa kando ya ghala? Mara nyingi ni kwa sababu chakula hakikufika kinywani mwake kwa wakati na kwa namna impasayo. Mama huondoka alfajiri kwenda shambani au kuchuma chai, naye mtoto huachwa na dada yake mwenye miaka saba. Hula uji mweupe asubuhi na ugali jioni, ilhali tumbo lake dogo lahitaji kulishwa mara nne au tano kwa siku. Mayai, maziwa na maharage huuzwa ili kulipia mbolea na mahitaji ya shule. Mahindi mengine huishia kwenye komoni, na fedha nyingine kwenye ulanzi. Zaidi ya hayo, UKIMWI umewaacha mabibi wengi wakilea wajukuu kwa nguvu zilizokwisha.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba dawa ya ugonjwa huu ilipata kuonekana hapa hapa. Kuanzia mwaka 1983, serikali yetu, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, iliendesha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya Iringa. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito mbele ya wanakijiji. Matokeo hayakufungiwa kabatini. Yalipelekwa kwenye serikali ya kijiji, wazee wakajiuliza: nani amepungua, kwa nini, na tufanye nini kwa kile tulicho nacho? Vijiji vilianzisha vituo vya kulishia watoto wakati mama zao wakiwa shambani. Hadi mwaka 1988, watoto wenye uzito pungufu wa kutisha walishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Kutokana na uzoefu huo, UNICEF ilijenga mkakati wake wa lishe wa mwaka 1990 kwa ulimwengu mzima.

Dunia nzima imejifunza kwa Iringa. Je, Iringa imejifunza kwa nani?

Sisemi kwamba serikali imelala. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alitiliana saini mkataba wa lishe na wakuu wa mikoa, na mwaka 2024 ulizinduliwa mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Lakini mkataba hauwezi kukoroga uji. Maoni yangu ni kwamba udumavu utabaki hadi siku uzito wa mtoto utakapojadiliwa katika mkutano wa kijiji kwa uzito ule ule tunaoupa bei ya mahindi.

Naomba basi jumuiya zetu ndogo ndogo zianze na mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya iwafahamu watoto wake walio chini ya miaka miwili, na kuhakikisha wanafika siku ya kupimwa. Pili, wakati wa kulima na kupalilia, kaya tano au sita zipeane zamu, mama mmoja abaki akiwapikia watoto wa wote. Tatu, akina baba, kabla gunia la mwisho halijapakiwa, tengeni debe la maharage la mtoto, wala lisiuzwe.

Nanyi mabibi, mnajua kutengeneza kimea. Miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe walionyesha kwamba kimea kidogo huulainisha uji mzito, mtoto akaumeza kwa urahisi na kupata nguvu zaidi katika kikombe kile kile. Kimea kinachokwenda kwenye pombe chaweza pia kwenda kwenye sufuria ya mjukuu.

Malori yaendelee kupita, nasi tuyafurahie. Ila kabla ya kuyapungia mkono, tuchungulie kwanza kikombe cha mtoto.

Nawatakieni Dominika njema.