Staa kanunua ufukwe Makangale, mpima ardhi hakuitwa!

Haya wadau, ile posti mmeiona. Staa mmoja wa Bongo Fleva (jina linahifadhiwa, ila kwa ile miwani mshamjua) kasimama kwenye mchanga mweupe kule Makangale, mikono juu, bahari nyuma, na chini kaandika kwamba sasa na yeye ni mtu wa Pemba. Laiki zikamiminika, mastaa wenzake wakajaza makofi na vimoto. Mtu mmoja tu akauliza kama hilo eneo limepimwa. Mashabiki wakamvamia: una wivu, katafute hela!

Huyo aliyeitwa mwenye wivu ndiye pekee aliyekuwa anaongea akili pale.

Makangale siyo Kigamboni. Iko kaskazini kabisa mwa Pemba, Wilaya ya Micheweni, upande wa msitu wa Ngezi na mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Ufukwe wa Vumawimbi huku, Verani kule. Pazuri mpaka panachokoza. Na tangu watalii waanze kulipia kulala kwenye chumba kilicho chini ya maji ya bahari maeneo hayo hayo, kila mwenye pikipiki na simu kageuka dalali.

Sasa anauza nini hasa? Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya umma. Mtu anachopata ni haki ya kuitumia, na sheria ya ardhi Namba 12 ya 1992 inampa haki hiyo Mzanzibari. Kijana wa Sinza, hata awe na wafuasi kiasi gani, hawi Mzanzibari kwa sababu kapanda boti. Mgeni kutoka nje ya nchi naye mlango wake ni kukodishwa kupitia ZIPA, mamlaka ya uwekezaji, siyo kikaratasi cha dalali. Ndiyo maana minong'ono inasema eneo limeandikwa jina la shemeji. Shemeji mtu mzuri, Mungu amzidishie, ila ndoa za mastaa wetu zinadumu misimu mingapi?

Utetezi unaosikika kila mahali ni huu: sheha ameshasaini, mpimaji wa nini? Jamani. Sheha anajua nani anaishi wapi, na saini yake inasaidia kuonesha kwamba muuzaji ni mtu wa pale kweli. Haisemi kipande kina upana gani, wala kona ya magharibi inaishia kwenye mwamba au kwenye mnazi. Hiyo ni kazi ya mpima ardhi aliyesajiliwa. Anakuja na vifaa vyake, anapima kona kwa kona, anaweka mawe ya mpaka, na mchoro unalinganishwa na kumbukumbu za Kamisheni ya Ardhi. Hapo ndipo kumbe zinapoanza. Kumbe robo ya kiwanja imo ndani ya hifadhi ya Ngezi. Kumbe katikati kuna njia ya wavuvi waliyoitumia tangu enzi za mababu. Kumbe upande wa bahari hairuhusiwi kujenga kabisa.

Na majirani wakiitwa kuonesha mipaka, midomo nayo inafunguka. Pemba kuna kitu kinaitwa kiambo, eneo la ukoo mmoja, na kumuuzia mtu baki bila ukoo kuridhia ni kuanzisha vita. Warithi wanaweza kuwa kumi na kitu, mmoja yuko Wete, wawili wako Muscat, halafu aliyepokea hela ni mdogo wao anayedaiwa pikipiki. Pia kule mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Staa wetu, inasemekana, kakata minazi mitatu ili picha itoke vizuri. Je, mwenye minazi yumo kwenye mkataba?

Wengine wanasema upimaji ni gharama. Mtu aliyekodi ndege ndogo ili apige picha tatu hana haki ya kutamka neno gharama. Hata kwa asiye staa, hela ya mpimaji ni ndogo ukiilinganisha na miaka ya kwenda na kurudi Mahakama ya Ardhi huku nyasi zinaota kwenye msingi.

Na aliyenunua nyumba iliyosimama asijione amepona. Rangi mpya inaficha mengi. Nyumba ya pwani iliyojengwa kwa mchanga wa baharini usiooshwa, chumvi inakula nondo kimya kimya, na siku zege linapoanza kumeguka muuzaji ameshahama. Aitwe fundi asiye rafiki wa muuzaji, apande darini, agonge kuta, aonje na maji ya kisima. Ardhi ya maweni nayo inaweza kuwa na pango chini, na pango halionekani kwenye video ya dalali.

Kinachouma zaidi ni wanaoiga. Staa akipigwa ataimba wimbo wa machozi na hela itarudi. Lakini kuna dada anayeuza vitenge na kijana wa bodaboda walioiona ile posti, wakamtumia dalali kishika uchumba kwa simu bila kukanyaga Pemba. Hao hawana shoo ya kufidia.

Habari njema kwa staa ni kwamba hajamwaga zege bado. Amwite mpimaji, awakalishe warithi wote mbele ya sheha, na uhamisho upite Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, iliyowekwa na sheria ya 1994 kwa kazi hiyo. Dalali akianza kuleta longolongo kabla mpimaji hajafungua mkoba, adaiwe hela yake siku hiyo hiyo. Na ile minazi mitatu ilipwe, mwenyewe yupo.