Asante ya Punda Si Mateke

Zikitajwa kanuni anazopaswa kuzifuata mgeni kwenye vituo ambako watoto wenye ulemavu hupandishwa farasi kama sehemu ya tiba, jibu la wengi Handeni na Korogwe ni la mkato: hayo ni ya Wazungu, huku farasi hakuna kwa sababu hatukujifunza kumfuga. Kwamba farasi ni wa kutafuta kwa tochi katika wilaya hizi, sibishi. Nabishia sababu.

Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalishuka kando ya Mto Pangani yakiwafukuza Wajerumani. Yaliingia Korogwe katikati ya mwezi, na Handeni siku chache baadaye. Yalikuwa na farasi na baghala wengi, wapandaji waliokulia juu ya farasi huko Afrika Kusini, na matabibu wao wa mifugo. Ujuzi haukupungua. Hata hivyo, katika vita vile wanyama hao walikufa kwa maelfu, kwa nagana inayoenezwa na mbung'o na kwa ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi. Aliyemshinda farasi katika nchi hii ni mdudu.

Punda ndiye aliyebaki. Nagana humpata naye, lakini ugonjwa wa farasi kwa kawaida haumwangushi. Na anaifanya kazi ya tiba pia: kule Sidmouth, Uingereza, shirika la The Donkey Sanctuary lililoanzishwa na Elisabeth Svendsen mwaka 1969 lilianza kuwapandisha punda watoto wenye ulemavu miaka ya 1970. Ndilo lililofungua kituo cha kutibu punda Lamu mwaka 1987. Kwa hiyo kanuni zile zinatuhusu, tena sana, maana mtoto wa kijijini Handeni husimama karibu na mnyama huyu kila siku ya kuteka maji.

Dai la pili tumelipokea kwa wazee na tunalirudia bila kulipima: asante ya punda ni mateke. Tazama foleni ya maji. Macho ya punda yako ubavuni mwa kichwa; anaona karibu pande zote, ila si nyuma ya mkia wake wala mbele kabisa ya paji la uso. Mtoto anakuja mbio kutoka nyuma, dumu tupu linagongagonga mguuni. Punda analaza masikio, anabana mkia, anahamishia uzito mguu mmoja ili ule mwingine uwe mwepesi. Ametoa onyo mara tatu na hakuna aliyelisoma. Teke likija tunasema hana shukrani.

Anayejua humwendea kutoka ubavuni, usawa wa bega, akisema naye ili ajulikane yuko wapi. Humgusa shingo au bega kwanza, si uso. Akitaka kupita nyuma huzunguka mbali, mguu usikoweza kumfika. Kamba huishika mkononi lakini haizungushi kiganjani hata kidogo, kwa sababu punda akishtuka kamba hukaza na vidole havitoki. Na hamtengi punda na mwenzake aliyezoeana naye, maana akiachwa peke yake huanza kuhangaika hata kama jana alikuwa mpole.

Halafu kuna maumivu, na hapa hasira yangu siifichi. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Madumu manne ni kilo 80. Punda wetu wengi ni wadogo. Mwenye kilo 150 hapo amebebeshwa zaidi ya nusu ya uzito wake, wakati kipimo kinachoshauriwa ni kama theluthi. Chini ya kamba iliyofungwa bila tandiko, ngozi inachubuka, na kidonda kinafungiwa mzigo tena kesho yake. Punda huficha maumivu, ndiyo maana watu hudhani haumwi. Ukimgusa pale penye kidonda anarusha teke. Wenye kusema punda afe mzigo wa bwana ufike wakumbuke kuwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inakataza ukatili huo.

Husemwa tena kuwa punda ni mkaidi, dawa yake fimbo. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa mara nyingi husimama na kupima hatari. Mpe nafasi aone ni nini kilichomtisha. Ukimchapa wakati huo umemthibitishia kuwa mahali pale pana hatari kweli.

Hata ugonjwa wa pepopunda asisingiziwe punda kwa sababu ya jina: vimelea vyake hukaa kwenye udongo na kwenye samadi ya wanyama wengi, na huingia kwa kidonda chochote. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, nenda zahanati uulizie chanjo.

Dai linaloniuma kuliko yote ni kwamba mtoto mlemavu hafai kusogezwa kwa mnyama. Lis Hartel wa Denmark alipooza kwa polio mwaka 1944, miguu yake chini ya magoti haikurudi. Alisaidiwa kupanda na kushuka, na mwaka 1952 kwenye Olimpiki ya Helsinki akachukua medali ya fedha kwenye mashindano ya farasi, akishindana na wanaume. Mwendo wa mnyama huitikisa nyonga ya mpandaji karibu kama mtu anavyotembea, na kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hilo linaweza kusaidia kujenga mizani ya mwili.

Lakini simwambii mzazi amchukue punda wa maji ampandishe mwanawe. Kituoni mtoto huvaa helmeti. Mmoja huongoza mnyama, na mara nyingi wawili hutembea ubavuni kumshikilia. Punda hapandwi na mtu anayezidi kilo 50 hivi. Mtoto mwenye kifafa au nyonga iliyoteguka lazima apimwe kwanza na daktari na mtaalamu wa viungo. Nyumbani inatosha kumshika mkono mtoto, wote wawili mkiwa usawa wa bega la punda aliyepumzika na kutuliwa mzigo, ili mtoto amsugue shingo taratibu.

Mwisho, wageni hudhani kumpa mnyama ndizi kwa mkono ni wema. Wanamfundisha kuutafuta mkono wa kila mtu kwa meno, na atakayeng'atwa ni mtoto atakayefuata. Muulize mwenye punda kwanza. Na kabla hujainua simu kupiga picha ya mtoto mwenye ulemavu, omba ruhusa kwa mzazi wake, kisha muulize mtoto mwenyewe. Akitikisa kichwa, rudisha simu mfukoni.