Wana Lizombe wa 1985 wasiachwe wapotee

Muulize dogo yeyote wa Songea mabingwa wa soka ni akina nani, atakutajia Simba na Yanga. Si kosa lake. Majimaji ilibeba ubingwa wa Muungano 1985, ikautetea 1986, ikarudia 1998. Aliyezaliwa baada ya hapo ameiona ikipanda Ligi Kuu 2015 na kushuka 2018.

Video za enzi zile utazitafuta kwa tochi, na walioshuhudia wanazeeka. Hapa hata mdhamini hahitajiki: kikosi cha 1985 kiandikwe jina kwa jina kwenye ukuta wa Uwanja wa Majimaji, na waliobaki wapewe maiki kabla ya mechi, wasimulie wenyewe walivyowatoa jasho vigogo wa Dar.