Mpeni binti jioni yake
Na Kasiana Ndunguru

Kila mwaka, kati ya Mei na Agosti, mambo mawili hugongana Mbinga, mkoani Ruvuma, na anayeumia ni msichana mwenye kipaji cha mpira. La kwanza ni mavuno ya kahawa. Kahawa ikiiva kwenye vilima vya Umatengo, kila mkono wa nyumba huhitajika shambani, na iliyochumwa haisubiri: sharti imenywe mapema, ioshwe, ianikwe. La pili ni michezo ya shule. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari huanzia chini, hupanda hadi wilaya na mkoa, kisha timu za mikoa hukutana kitaifa katikati ya mwaka. Mwalimu wa michezo anamwita binti kiwanjani siku zile zile baba anapomwita shambani.

Ukishuka Ziwa Nyasa kwa ile lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kahawa inaisha na dagaa wanaanza. Wavuvi huingia majini usiku wa giza na taa zao, na alfajiri hurudi na usipa, dagaa wa ziwa hili. Kuanzia hapo ni kuanika, kugeuza, kufukuza kunguru, kuanua. Kazi hiyo ni ya akina mama, na nyuma ya kila mama yupo binti. Kaka akirudi shuleni hutupa daftari na kushika njia ya kiwanjani bila kuuliza mtu. Dada akiaga, huulizwa kwanza kama maji yamechotwa na dagaa wameanuliwa.

Hapo ndipo penye shida yenyewe. Wazazi wengi wa milimani na mwambaoni siku hizi hawapigi marufuku mpira wa wasichana. Wanasema acha acheze, hana ubaya. Wengine hata hujisifu baa au baada ya misa kwamba mtoto wao anapiga chenga kuliko wavulana. Lakini ratiba ya nyumbani haibadiliki hata kwa nusu saa. Binti anabaki na ruhusa mkononi na kuni kichwani. Mazoezi ya saa kumi anayafikia saa kumi na moja, amechoka, hajala tangu asubuhi, na mwalimu anamweka benchi kwa kuchelewa. Baada ya muhula mmoja anaacha, na nyumbani watasema mwenyewe alichoka mpira.

Kwamba kuna jambo la maana la kupoteza hapo, ushahidi upo. Oktoba 2022, nchini India, Serengeti Girls walicheza Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Kabla yao hakuna timu ya soka ya Tanzania, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imefika fainali za Kombe la Dunia la FIFA. Mechi ya kwanza walifungwa 4-0 na Japani, na wengi huku nyumbani wakakata tamaa. Siku tatu baadaye wakaifunga Ufaransa 2-1. Wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, bao la Tanzania likifungwa na Veronica Mapunda, na wakaingia robo fainali, ambako Kolombia iliwatoa kwa mabao 3-0. Mapunda ni jina la ukoo la huku kwetu; msomaji wa Songea au Mbinga hahitaji kuelezwa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, walikwenda Afrika Kusini kama timu mwalikwa kwenye michuano ya COSAFA, wakatwaa kombe kwa kuifunga Malawi 1-0 katika fainali. Julai 2025, katika fainali za Afrika nchini Morocco, waliwabana Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi, kwa sare ya 1-1, na bao letu lilikuwa la nahodha Opa Clement. Aisha Masaka alipita Alliance Girls ya Mwanza na Yanga Princess, mwaka 2022 akaenda BK Häcken ya Sweden, na 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Hakuna hata mmoja wa mabinti hawa aliyejifunza mpira Ulaya. Wengi wao walianza kwenye viwanja vya vumbi, kwenye nyumba zenye sufuria za kuoshwa na wadogo wa kulea.

Mfano ulio karibu zaidi na vijiji vyetu vya ziwani kama Lituhi na Liuli, hata hivyo, uko ng'ambo ya maji. Tabitha na Temwa Chawinga ni ndugu kutoka Rumphi, wilaya ya Malawi inayogusa ziwa hili hili. Tabitha alianza utotoni akicheza na wavulana. Alipokuwa na miaka 13, kama alivyosimulia mwenyewe, alilazimishwa kuvua nguo mbele ya watu ili athibitishe kuwa ni msichana, na si mara moja. Mwaka 2014 alikwenda Sweden, na baadaye akacheza China, Inter Milan, Paris Saint-Germain na Lyon. Mdogo wake alimfuata Sweden, akapitia China, na mwaka 2024 akiwa na Kansas City Current ya Marekani alifunga mabao 20, rekodi ya msimu mmoja katika ligi ile, akatangazwa mchezaji bora. Wavuvi wetu na wa Rumphi huvua maji mamoja na dagaa wao huanikwa kwa namna ile ile. Tabitha alifungua njia, na Temwa akapita kwa sababu nyumbani palikuwa na mtu aliyejua njia hiyo inakwenda wapi.

Kutojua njia hiyo inakwenda wapi ndiko kunakowatisha wazazi wengi, na hofu yao si ya kubezwa. Wanaogopa binti atakosa mume. Hofu hiyo iliwahi kutamkwa hadi Ikulu: Agosti 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwapokea vijana wa kiume waliotwaa kombe la CECAFA, alisema wachezaji wa kike wana vifua bapa na kwamba wengi hawapati ndoa. Alikuwa akihimiza wachezaji wa kike wasitelekezwe wakistaafu, na hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Kilichobaki masikioni mwa watu kikawa ni vifua na ndoa, na mjadala ukawaka nchi nzima. Safu hii inaona kwamba umbo la binti si swali la kuulizwa na Taifa wala na shangazi. Binti wa miaka 14 anapaswa kuulizwa anasoma vipi, anakula nini, na anacheza nafasi gani.

Hofu nyingine ni ya msingi kabisa, nayo ni usalama. Timu ikisafiri kwenda Songea, analala wapi? Mlezi wa kike ni nani? Kocha ana namba za simu za wazazi, na wazazi wana ya kwake? Mzazi anayeuliza maswali haya hamwonei kocha wivu, na kocha mwaminifu hatachukia kuulizwa. Akichukia, hiyo nayo ni habari. Aidha, mzazi akijiwa na mtu mwenye suti anayeahidi kumpeleka binti wa miaka 15 kucheza Ulaya, ajue kwamba kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia nchi nyingine kisoka, isipokuwa kwa masharti machache, kama vile wazazi wenyewe kuhama kwa sababu zisizohusu mpira. Anachoweza kuandaa mapema ni cheti cha kuzaliwa, ambacho wazazi wengi hukihangaikia siku timu inapotaka kusafiri.

Tukirudi kwenye ratiba ya binti, kuna mahali ambapo jambo hilo lilishughulikiwa. Kilifi, pwani ya Kenya, mwanahabari Mwingereza Sarah Forde alianzisha mwaka 2001 mradi wa Moving the Goalposts. Wasichana wa vijijini waliundiwa ligi yao, na wao wenyewe wakawa wanakamati, marefa na makocha. Kilifi kuna mazingira ambayo mtu wa Nyasa angeyatambua mara moja: kilimo kidogo, uvuvi, maji ya kufuatwa mbali, ndoa za mapema. Kinachovutia ni kwamba mpira ulipangwa kuzunguka maisha ya msichana. Huku kwetu msichana ndiye anayetakiwa ajipenyeze kwenye ratiba iliyopangwa kwa ajili ya wavulana.

Ruvuma haianzi kwenye sifuri. Ruvuma Queens ya Songea iliwahi kucheza Ligi Kuu ya Wanawake, ligi iliyoanza msimu wa 2016/17, na wenzetu wa Iringa nao wamekuwa na Ceasiaa Queens. Kwa hiyo binti wa Mbamba Bay ana ngazi ya kupanda bila kukimbilia Dar es Salaam akiwa bado mtoto. Anachokosa ni vitu ambavyo vyote vinaanzia nyumbani: njumu zinazomtosha badala ya za kaka, taulo za kike ili asikose mazoezi kila mwezi, nauli ya kwenda na kurudi, uji kabla ya mazoezi. Na baba. Baba akionekana pembeni ya kiwanja, hata kama anaelewa mpira nusu nusu, wahuni wanaopiga miluzi hunyamaza na binti hukimbia tofauti. Akina mama wengi wangefika pia, ila wao jioni hiyo ndio wanaosongea familia ugali. Ndiyo sababu kazi ile ihesabiwe upya. Kijana wa kiume wa miaka 16 ana mikono ya kuanua dagaa na mgongo wa kubeba ndoo.

Pendekezo la safu hii kwa wakuu wa shule za Mbinga na Nyasa ni dogo na halihitaji bajeti. Mikutano ya wazazi ifanyike Aprili, kabla kahawa haijaanza kuchumwa. Mwalimu wa michezo aje na ratiba ya mazoezi ya wasichana imeandikwa, siku na saa, na kila mzazi mwenye binti kwenye timu aondoke na nakala. Shambani wapange uchumaji wakiwa na karatasi hiyo, na siku ambazo binti ana mazoezi, ndoo ya maji apewe mtu mwingine.