Maina Saba Haina Dhambi, Ila Ina Adabu Yake

Wapo walimu wa kwaya wanaoikataza kodi ya maina saba kanisani, wakisema ni ya dansi. Wapo pia wapiga kinanda, hasa sisi vijana, ambao kila kodi ya maina lazima ibandikwe saba yake, hata kwenye kiitikio cha zaburi. Naona pande zote mbili hazijaisikiliza vizuri.

Chukua r-f-l, kodi ya maina juu ya re, kisha ongeza do ya juu. Kutoka re hadi do hiyo ni nusu toni kumi. Ukiiondoa re, kinachobaki ni f-l-d, kodi ya meja. Ndiyo maana inasikika na huzuni na faraja kwa pamoja. Humo ndani do na re zinasuguana, kwa kuwa ni majirani.

Anayesema ni ya dansi afungue Preludi ya C meja ya Bach, ya mwaka 1722, ile ambayo Charles Gounod aliiwekea melodi na leo tunaiimba kama Ave Maria. Kipimo cha kwanza ni kodi ya do. Katika cha pili, do inabaki palepale kwenye besi, na juu yake zinaingia re, fa na la. Maina saba kamili! Katika cha tatu besi inashuka hadi ti, na msuguano ule unalegea. Do ilikuwepo tangu mwanzo, ikawavumilia wageni, kisha ikapisha.

Anayebandika saba kila mahali anaikata safari hiyo. Do inatokea hewani na kupotelea hewani, wala hakuna mwimbaji aliyeibeba, huku waamini wasio na nota mkononi wakihangaika kutafuta sauti yao. Mwaka 1903 Papa Pius X aliagiza kwamba ogani iutegemeze uimbaji, isiuelemee. Hakuvijua vinanda vyetu vya umeme na spika zake, ambavyo kwa kuelemea ni hodari zaidi.

Basi mwalimu asiiachie kinanda kodi hii. Amwonyeshe mwimbaji, awe wa sauti ya tatu au ya besi, do yake inatoka wapi na inashukia wapi. Kiitikio cha waamini kipigiwe kodi za noti tatu tu. Wakati wa Komunyo, kwaya ikiimba yenyewe kwa sauti nne, maina saba ipigwe bila woga.